Samaki wa Posa

Awadh bin Salim hakuwahi kumkubali mwanamume yeyote aliyekuja kumposa dada yake, na kila aliyekuja alimpatia kasoro kabla chai haijapoa. Wa kwanza alicheka kwa sauti. Wa pili alikuwa na vifundo vyembamba vya miguu, na Awadh akasema mtu wa vifundo vile hawezi kubeba mzigo wa nyumba. Wa tatu alikuwa mtu mwema, mwenye kazi yake na heshima zake, ikambidi Awadh amchunguze kweli kweli mpaka akagundua kwamba hatii sukari kwenye chai. Mtu asiyetia sukari, alisema Awadh, ana jambo analificha. Hivyo ndivyo Rumaisa alivyofika miaka thelathini na minne akiwa bado katika fleti ya kaka yake huko Al Qusais, Dubai, akitoka ofisini Silicon Oasis jioni na kuingia jikoni moja kwa moja, mkoba ungali begani.

Baba yao alikuwa amekufa, kwa hivyo walii wa Rumaisa alikuwa Awadh, na bila mkono wake hapakuwa na nikaha. Rumaisa angeweza kwenda kwa kadhi kulalamika kwamba kaka anamzuia bila sababu, na sheria inamruhusu. Lakini kumpeleka kaka yako kwa kadhi ni kumvua nguo mbele ya Mombasa nzima, na Rumaisa hakuwa mtu wa namna hiyo. Awadh alilijua hilo. Alilijua vizuri sana, na alilitumia.

Sasa tuseme ukweli, maana Awadh mwenyewe hatausema. Wake wawili walikuwa wamepita katika fleti ile. Wa kwanza alirudi Mombasa kwa sababu ya chumvi: leo anaambiwa imezidi, kesho anaambiwa imepungua. Wa pili alivumilia zaidi, mpaka siku Awadh alipomwita jirani aje aonje wali wa mkewe ili ashuhudie ulivyo mbichi. Mke yule alifunga sanduku lake jirani akiwa bado anatafuna. Baada ya hapo Rumaisa akaja Dubai kutafuta kazi, akapika samaki wa kupaka siku ya pili tu ya kufika kwake, na Awadh akalamba vidole, kisha akalamba sahani. Miaka saba imepita na bwana huyu hajaoa tena. Ukimwuliza, husema anamlea dada yake. Na usidhani alikuwa akiwadanganya watu tu. Alikuwa ameanza kujidanganya mwenyewe, na kazi hiyo aliifanya kwa ustadi kuliko biashara yake ya mablanketi na chupa za chai kule Naif.

Kisha akaja Hafiz.

Hafiz alikuwa mtu wa Kuze, Mombasa, fundi wa majokofu na viyoyozi, aliyekaa miaka kadhaa huko Tennessee, Amerika, kabla ya kuja kufanya kazi Dubai. Hakunywa, hakuvuta, na Ijumaa hakukosa safu ya mbele. Sura yake ilikuwa ya kawaida. Kasoro yake ilikuwa moja tu na hakuificha hata kidogo: alikuwa na wazimu wa samaki. Wala si samaki wa kula. Samaki wa kuvua na kumrudisha majini.

Awadh alipolisikia jambo hilo, katika ziara ya kwanza ya Hafiz pale fletini, alidhani masikio yake yameziba.

"Hebu rudia," alisema.

"Kule Tennessee, kaka, kuna mito," Hafiz akasema, akaweka kikombe chini ili apate mikono miwili ya kueleza. "Na mtoni kuna samaki wamwita besi, yule wa mdomo mdogo. Rangi yake kama shaba ya zamani, macho mekundu. Baridi ya kipupwe ikianza kuondoka, mwezi wa tatu, mwezi wa nne, maji yangali ya kukata vidole, yeye hutoka kwenye vina virefu akaja kwenye changarawe, maji ya magoti. Dume husafisha mahali kwa mkia wake, akafanya shimo kama sahani. Jike huja akataga, kisha akaenda zake. Dume ndiye abakiaye kulinda mayai."

"Dume?"

"Dume. Akija mwingine kutaka kuyala, amfukuza."

"Na mkewe yuko wapi wakati huo?"

"Ameshakwenda."

Awadh alimtazama. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mume akisifiwa kwa upuuzi kama ule, tena na mtu aliyekuja kuposa. "Na wewe wenda kumvua huyo baba mlezi."

"La, la. Mimi namvua jike kabla hajataga. Wakati huo tumbo limejaa, na ndipo anapokuwa mkubwa. Namtoa ndoana taratibu, nampima, nampiga picha, namrudisha akazae. Mzee mmoja wa kule, mwenye nyumba niliyopanga, ndiye aliyenifundisha. Akisema ukimla huyu msimu huu, umewala na watoto wake."

"Na mchana huwa mwala nini? Picha?"

Kicheko kikasikika kutoka jikoni. Awadh aliridhika, akijua dada yake amemcheka mgeni. Hakufikiri kwamba mtu anaweza kuwacheka wawili kwa mpigo mmoja. Hafiz naye alicheka, bila kununa, akatoa simu na kuanza kuonyesha picha. Kwa macho ya Awadh zilikuwa picha za samaki mmoja aliyechoka kupigwa picha. Mgeni alipoondoka, Awadh aliingia jikoni akasimama karibu na sufuria.

"Huyu hana akili," alisema. "Mtu apewa riziki mkononi airudisha. Kesho atapewa mshahara aurudishe."

"Onja chumvi," Rumaisa akasema, akampa kijiko.

Awadh akaonja. Ilikuwa sawasawa. Siku zote ilikuwa sawasawa, na hilo ndilo lililokuwa balaa la dada wa watu.

Aliyemtibulia Awadh mambo alikuwa Bi Ummi, shangazi yao, dada wa marehemu baba, aliyeishi kwa mwanawe mtaa huo huo wa Al Qusais. Bi Ummi hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimpigia Awadh simu dukani, mbele ya wateja.

"Ijumaa hii baada ya swala tutakuja kula kwako," alisema. "Mimi, na Hafiz, na ami yake Mzee Abdulbasit. Tukishakula utajibu ndiyo au la. Na kama ni la, utataja sababu mbele yetu sote."

"Shangazi, mambo haya yataka subira."

"Subira ya miaka saba si subira tena, ni kutu. Na Rumaisa nimemwuliza mwenyewe, kamridhia. Huyu amtaka, Awadh. Wale wengine alikuwa haoni tofauti, lakini huyu amtaka. Wanisikia?"

Awadh alisikia. Kwa mara ya kwanza alihitaji kasoro yenye uzito, kasoro ya kuwekwa mezani mbele ya wazee ikasimama wima. Sukari na vifundo vya miguu havingetosha. Akawaza, akawazua, mwishowe akampigia Hafiz na kumwambia kwa sauti ya asali kwamba naye ni mvuvi tangu utotoni, na angependa waende pamoja Ijumaa asubuhi. Hafiz alifurahi hata akaanza kumweleza habari za upepo na maji kwenye simu. Ilibidi Awadh akate, aseme mtandao umeharibika.

Ijumaa wakaenda khor ya Al Mamzar, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Ilikuwa Machi, hali ya hewa bado ya kistaarabu, watu wametandika mikeka nyasini wakinywa chai na kula chapati kabla joto halijarudi kuwatia adabu. Hafiz alivaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko kabati la mfamasia. Kila mfuko ulikuwa na kitu na kila kitu kilikuwa na maelezo. Alifungua kijisanduku chake cha chambo, na Awadh akachungulia: vyura wa mpira, minyoo ya mpira, kamba wa mtoni wa mpira, wote wamesafirishwa kutoka Tennessee.

"Samaki wa Dubai amjulie wapi chura?" Awadh akauliza.

"Hahitaji kumjua, shemeji. Akiona kitu kidogo kinakimbia, ataka kukila."

"Shemeji bado," Awadh akasema.

Yeye alikuja na mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa, sanduku la barafu, na mfuko wa kamba wabichi aliowatoa katika friza ya Rumaisa bila kuomba. Kwa miaka mingi amewaambia watu wa Naif kwamba alikulia kwenye mshipi, kwamba Mombasa yote ilimjua. Kweli ni kwamba samaki aliowajua ni wale waliolala juu ya saruji ya soko la Marikiti, tena wameshakufa, na hata hao mamake ndiye aliyekuwa akiwachagua. Alizungusha mshipi kichwani kama alivyowahi kuwaona wenzake wakifanya, akarusha, na ndoana ikashika mkono wa shati lake mwenyewe. Akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo wa kupeperusha hata jani la chai. Baada ya kujinasua alirusha tena, na visamaki vya ukingoni vikala kamba wake mmoja baada ya mwingine bila kugusa ndoana, vikashiba na kwenda zao.

Hafiz alikuwa akisema muda wote. Hilo lazima likubaliwe, mtu yule alikuwa msemaji wa kuchosha. "Mtoni, shemeji, hutupi katikati. Watafuta nyuma ya jiwe, pale maji yanapopumzika. Samaki mwenye mimba hataki kushindana na maji, akaa pembeni ya mkondo akisubiri chakula kiletwe. Hapa hakuna mto, lakini yatazame maji yanapokupwa pale kwenye mawe. Yapita kama mto kabisa. Mimi nikija hapa mwezi huu najifanya niko kule."

Mtu mzima ajifanya yuko Tennessee! Awadh aliiweka hiyo akibani, ingawa aliona haitoshi. Mwenda wazimu asiyemdhuru mtu bado anaruhusiwa kuoa. Alihitaji kitu cha kushika kwa mkono.

Kikaja. Ufito wa Hafiz wa kuvulia uliinama ghafla, mshipi ukalia kwenye gurudumu lake, na Hafiz, badala ya kuvuta, akamgeukia Awadh na kumkabidhi. "Shika, shemeji! Huyu wako. Usimkaze, mpe nafasi akimbie, akichoka mvute." Ilikuwa heshima, na kwa mtu mwingine ingekuwa heshima kubwa. Awadh aliupokea ufito kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani anayelia, akavuta, akalegeza, akapiga kelele, akakanyaga mfuko wa kamba wake, na Hafiz akawa pembeni akimwambia sasa, ngoja, sasa. Mwishowe samaki akaja ukingoni. Kolekole, mrefu kama mkono kutoka kwapani, ubavu unang'aa, na tumbo limevimba.

Hafiz alilowesha mikono kwanza, akapiga magoti, akamchomoa ndoana kwa upole hata Awadh akaona haya kwa niaba yake. "Jike," akasema. "Tazama tumbo lile, subhanallah. Amejaa mpaka shingoni. Mshike nikupige picha, upesi."

Awadh alipigwa picha. Alipigwa tatu, moja akitabasamu.

"Haya, tumrudishe," Hafiz akasema.

Awadh akamtia samaki katika sanduku la barafu, akafunga kifuniko, akalikalia.

Hafiz akabaki amechutama, mikono imelowa. "Shemeji, ana mayai."

"Nimeyaona."

"Angali hai. Muda wake ni mdogo."

"Wangu ni mwingi," Awadh akasema, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Samaki alikuwa akipiga kifuniko kutoka ndani. Awadh alimsikia mpaka kwenye nyonga, akatoa simu na kujifanya anasoma habari. Alikuwa akiusubiri ugomvi. Alitamani Hafiz apandishe sauti, amsukume, amtukane hata neno moja, ili apate cha kupeleka mezani: kijana ana hasira, atampiga dada yangu. Lakini Hafiz alitazama sanduku, akamtazama mkaaji, akafuta mikono kwenye kizibao.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyemvuta. Wako."

Akaanza kukunja vitu vyake. Ndani ya sanduku kule kupiga kukapungua, kisha kukatulia. Awadh alichukia kunyimwa ugomvi, akachukia zaidi kwamba kijana yule hakununa hata garini, alimwambia tu wafunge mikanda. Lakini karibu na nyumbani furaha ikamrudia. Alikuwa ameona kwamba kasoro aliyoitafuta iko pale nyuma ya gari, ndani ya barafu. Samaki mzima, mwenye mayai, ambaye mtu yule alitaka kumtupa. Ni mzee gani mwenye akili angempa mtu wa hivyo mwari?

Akamkabidhi Rumaisa samaki kama mtu aliyerudi vitani.

"Mpike wa kupaka," alisema. "Na mayai uyakaange mbali, uyaweke sahani yake. Nataka wayaone." Kisha akamweleza mkasa wote, jinsi alivyomvuta, jinsi bwana harusi alivyotaka kumwaga chakula baharini. "Nikalikalia sanduku. Nikamkalia hivi, na yeye huku ndani apiga, ta, ta, ta. Nikamkalia mpaka akatulia."

Rumaisa alikuwa akipaa magamba. Alimpasua yule samaki tumbo, na mayai yakatoka vifuko viwili virefu, manjano, yamejaza sahani.

"Hafiz alisemaje?" akauliza.

"Alisema haya! Mwanamume mzima na madevu yake. Haya!"

Rumaisa aliosha kisu, akakiweka, akaosha tena mikono ingawa ilikuwa imeshatakata. Awadh hakuona kitu. Alikuwa ameshainama kwenye bakuli la tui, akionja.

Baada ya swala wageni wakafika. Bi Ummi aliingia wa kwanza na kuvua buibui lake akasema nyumba inanukia vizuri. Mzee Abdulbasit, ami yake Hafiz, muuza vitenge wa Naif, alikaa taratibu kwa sababu ya mgongo. Hafiz alikuwa amevaa kanzu, na bila kile kizibao alionekana kama mtu wa kawaida. Wakatandikiwa, wakaosha mikono, wakala. Chakula cha Rumaisa hakikuwa chakula cha kuzungumzia mambo mengine. Rumaisa alisimama kwenye mlango wa jikoni, mtandio kichwani. Mila yasema mwari hasemi siku ya posa yake. Akinyamaza, kimya chake ni ridhaa, na yaliyobaki watasema wakubwa. Mila hiyo Awadh aliipenda sana.

Alipoona mikono imeanza kuchelewa kwenye wali, akakohoa.

"Wazee wangu," alisema. "Mimi si mtu wa kumvunjia mtu heshima. Lakini dada yangu ni amana ya marehemu baba, na amana hailindwi kwa kuona haya. Tazameni sahani ile ya mayai. Leo asubuhi huyu kijana alitaka kuyamwaga yote baharini. Samaki huyu mnayemla, alitaka kumrudisha. Si kwa bahati mbaya. Ndiyo mila yake! Huko Amerika amefundishwa kuvua riziki ya Mungu, kuibusu, na kuitupa. Mkono mtupu haulambwi, wazee. Mume ni wa kuleta nyumbani. Huyu ataleta picha. Dada yangu atalala njaa, na mimi nitasimama mbele ya Mungu niseme nini? Siwezi. Jibu langu ni la."

Aliinua sahani ya mayai juu ili hata Mzee Abdulbasit, mwenye macho dhaifu, ayaone. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mkononi, akala kidogo.

Mzee Abdulbasit akamtazama mwana wa nduguye. "Ni kweli, Hafiz? Wawarudisha?"

"Msimu huu, ndiyo, ami. Wenye mayai."

"Hebu, kwa nini?"

"Ili wawepo mwakani."

Mzee akatafakari, akatikisa kichwa, na hakuna aliyejua amekubali au amekataa. Awadh aliona mambo yamemnyookea. Akachukua tonge.

"Kaka umemaliza?" Rumaisa akauliza kutoka mlangoni. "Maana na mimi nina neno."

Awadh aligeuka nusu. "Mwari hasemi siku ya posa yake."

"Mwari ana miaka kumi na minane. Mimi mwari gani?" Alikuwa ameingia sebuleni, amesimama juu ya sinia yao. Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Awadh kuliko kama angepiga kelele. "Shangazi, ami, mnisamehe. Huyu Hafiz anichosha. Jana kanieleza habari za maji ya baridi saa nzima, na mimi naunga mchuzi na simu sikioni. Kuvua sikutaki, na huyo samaki wake wa mdomo mdogo sina haja ya kumwona. Lakini leo alipata mwenye mayai, akataka ampe nafasi akazae. Wewe ukamfungia, ukamkalia mpaka akafa, kisha ukaja kunihadithia wacheka. Nilipompasua yule samaki, kaka, nilijiona mimi. Umenikalia miaka saba. Umenikalia nagonga, na wewe waonja chumvi."

Awadh alihisi damu ikimpanda masikioni. Hasira ilimjaa, hasira ya kweli, maana hakuna kinachouma kama kuvuliwa nguo na mtu anayekufulia. Akamgeukia Bi Ummi. Shangazi ni damu ya baba. Shangazi asingekubali mtoto wa kike aseme vile mbele ya wageni.

"Shangazi, wamsikia?"

Bi Ummi alikuwa akitoa mwiba kinywani. Aliutoa, akauweka ukingoni mwa sahani. "Namsikia. Hebu nijibu mimi. Kijana huyu hunywa?"

"La."

"Ana mke amemficha?"

"La, lakini..."

"Haswali?"

"Aswali, shangazi. Suala si swala."

"Suala si swala, suala si pombe, na samaki mwenyewe unayesema alitaka kumrudisha umemla mpaka mfupa. Sasa niambie ukweli, mwanangu, usinifiche mimi niliyekuogesha. Ukimtoa huyu mtoto, ni kitu gani kitakachokuuma?"

Awadh akafungua kinywa. Alikuwa na majibu, alikuwa nayo mengi: heshima, amana, jina la marehemu, macho ya watu. Yote yalikuwa pale ulimini yamejipanga. Lakini shangazi alikuwa amemwuliza kwa upole, na hakuna aliyemwuliza jambo kwa upole kwa miaka mingi, na jibu lililotoka si mojawapo ya yale aliyoyapanga.

"Na mimi nitakula kwa nani?" akasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangalicheka. Mzee Abdulbasit alirudisha tonge lake sahanini na kuangalia mkeka. Hafiz aliinamisha kichwa, kama mtu aliyefungua mlango kwa makosa akamkuta mwenziwe anavaa. Rumaisa peke yake ndiye aliyemtazama kaka yake, na uso wake haukuwa na ushindi wala huruma. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akilijua hilo tangu zamani na alikuwa akisubiri tu alisikie. Awadh aliyasikia maneno yake mwenyewe yamekaa pale katikati ya sinia na hakuna mtu wa kuyaondoa, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye duka, aliyeoa mara mbili, walii.

"Al Qusais imejaa mikahawa, na Naif haina pa kukanyaga kwa mikahawa," Bi Ummi akasema. "Mpe mwenzio mkono."

Awadh akautoa mkono. Ulikuwa umejaa tui mpaka kwenye kiganja, naye hakuukumbuka kuunawa. Hafiz akaupokea vivyo hivyo, akaushika kwa mikono yake miwili, akasema alhamdulillahi. Mzee Abdulbasit akaomba maji ya kunawa, na Rumaisa akamwambia birika liko pale karibu na kaka yake, kaka atamletea.